Ua Uliofagiwa Mpaka Msingi

Siku yangu ya kwanza kazini nilishika fimbo tangu saa moja asubuhi mpaka saa sita mchana, na hakuna aliyeniambia fimbo ile ni ya nini. Ilikuwa ndefu kunishinda mara mbili, imepakwa rangi nyeupe, na namba nyeusi na nyekundu zimepanda toka chini mpaka juu. Mzungu alikuwa mbali, ameinama nyuma ya darubini ya miguu mitatu. Akiinua mkono wa kushoto, nilijua fimbo imelala kushoto. Akiinua wa kulia, imelala kulia. Akijipiga kofi kichwani, nilijua ameona nimesinzia. Vita ya Wazungu ilikuwa haijaisha bado, mji uliitwa Elisabethville, na mimi nilikuwa nimetoka shule ya mapadri nikidhani kuandikwa biro ya plani, ofisi ya ramani za mji, maana yake ni kukaa kitini.

Vijana wanaokuja kuniuliza habari za kazi yetu hupenda kusema, "Mzee, ilikuwa karibu ngapi?" Neno hilo silipendi. Kwetu mtu aliyejibu "karibu" alipewa koleo akachimbe mifereji. Kwa hiyo nitasema nilichokiona, na nisipokumbuka nitasema sikumbuki. Naandika Kiswahili cha shule, maana ndicho nilichochapiwa viboko, lakini watu nitawaacha waseme wenyewe kwa Kiswahili chetu cha hapa.

Fimbo ile tuliiita mira, na darubini tuliiita nivo. Kazi ya vitu hivyo viwili ni moja tu: kujua mahali hapa pako juu ya pale kwa kiasi gani, ili maji ya mvua yapate njia na nyumba zisisimame ndani ya bwawa. Unasoma namba kwenye mira, unatoa namba nyingine, unapata jibu. Lakini lazima uanzie mahali pasipopanda wala kushuka. Kwetu palikuwa bolti ya shaba iliyofungwa kwenye msingi wa tangi la maji, pale cité ya zamani, mtaa wa Weusi, ambayo ninyi leo mnaiita Kamalondo.

Mkubwa wangu wa kwanza, yule wa nyuma ya darubini, alikuwa mpima ardhi wa Kizungu. Tulimwita Bwana Kombo, kwa sababu mguu wake mmoja ulikuwa mfupi: mtu aliyenyoosha barabara za mji mzima, mwenyewe alitembea kombo. Hakuwa mtu wa kucheka. Siku moja nilipima mfereji kuanzia kwenye udongo wa barabara, nikajiokolea safari ya kurudi kwenye tangi. Alinirudisha kwa miguu, akaweka kidole changu juu ya ile bolti.

"Udongo haiko kitu," aliniambia. "Mvua inakuya, inabeba. Muntu anachimba, anabeba. Weye pima toka ku bolti, hata kama uko mugonjwa."

Mwaka ule tulipima cité yote, nyumba kwa nyumba. Kila nyumba ilipewa namba mbili za kimo, ya kizingiti cha mlango na ya ua. Niliziandika kwa mkono wangu katika madaftari yenye jalada la kijani, nayo yakafungiwa kabatini.

Avenue ya nne niliipima kwa furaha, maana ndiko nilikokulia. Baba yangu alitoka kaskazini ya Katanga akawa mtia makaa wa treni, siku nne nje, siku mbili nyumbani. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo. Aliyenilisha ni jirani yetu, Mama Salima, mke wa Fundi Ramazani mwashi, watu wa Maniema, Waislamu. Mwezi wa mfungo nilifuturu kwao, na Jumapili Mama Salima alinikagua kola ya shati kabla sijaenda misa. Fundi Ramazani alikuwa mtu wa maneno machache. Nyumba zote ishirini na mbili za avenue ya nne alizijenga yeye, msingi wa mawe na ukuta wa matofali ya kuchoma, udongo wake ukitoka kwenye vichuguu. Alifariki kabla sijaanza kazi.

Baada ya miaka minne ya kushika mira na miwili ya kuangalia ndani ya nivo, nilipandishwa mezani. Hapo ndipo nilipoanza kuchora. Tulichora kwa wino mweusi juu ya kalki, karatasi inayopitisha mwanga, na ukikosea unakwangua kwa wembe ukishikilia pumzi. Nyumba ya kubaki tuliijaza mistari ya mshazari. Nyumba ya kuvunjwa tuliiacha tupu. Na kati ya mji wa Wazungu na cité yetu kulikuwa na ukanda mtupu, usiojengwa kitu, wa kutenga rangi na rangi. Walisema ni kwa ajili ya mbu, eti mbu hafiki mbali hivyo. Niliuchora mara nyingi, na kila asubuhi niliukata kwa miguu nikienda kazini. Mbu tulipita nao pamoja.

Bwana Kombo alirudi kwao. Akaja mkubwa mwingine, Shefu wa Seksheni, mtu mrefu, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Wakati wake mji ulivimba. Zilichorwa Katuba na Ruashi, mistari mirefu ya nyumba mpya porini. Cité ya zamani ilionekana imejaa mno, na ikaamriwa tuikague: avenue nzuri zihifadhiwe, mbaya zivunjwe na watu wahamishwe. Masharti yalikuwa matatu. Ukuta uwe wa matofali ya kuchoma, paa liwe la bati au vigae, na msingi uwe umeingia ardhini sentimita ishirini na tano au zaidi.

Avenue ya nne alinipa mimi. Nilikuwa nimeoa, nina watoto wawili, nakaa nyumba ya wafanyakazi wa serikali yenye bomba ndani, nina karata ile ya heshima waliyopewa Weusi wachache walioitwa wastaarabu. Nilivaa kofia ya Kizungu. Nilitembea na vibarua wawili wa kuchimba na futi ya chuma mfukoni. Watu walinisalimu "Bwana Plani", nami nilinyoosha shingo. Sifichi hilo, maana kosa langu lilianzia hapo.

Vibarua walichimba kishimo kando ya kila ukuta mpaka chini ya msingi, nami nikapima toka juu ya udongo mpaka chini ya jiwe la mwisho. Kumi na mbili. Tisa. Kumi na nne. Hakuna nyumba iliyofika hata ishirini. Nilishangaa, kisha nikaona haya, kisha nikaharakisha. Sikukumbuka tangi la maji wala bolti, mimi niliyewekwa kidole juu yake.

Kwa Mama Salima nilikuta ua wake ukiwa mtupu na mgumu, hauna jani wala jiwe, kama kawaida yake. Toka vita iishe, ajenti wa usafi, Mzungu kijana wa buti, alikuwa ameamuru hivyo: hakuna majani, hakuna bustani ya mboga ya lengalenga, ua ufagiwe kila siku mpaka uonekane udongo mwekundu, na sehemu ya chini ya ukuta ipigwe plasta na kupakwa koltari, lami nyeusi. Takataka na vumbi viliwekwa barabarani, gari likavibeba. Asiyefagia aliadhibiwa. Aliyefagia vizuri kuliko wote alipewa zawadi, na Mama Salima alikuwa ameshinda mara tatu. Beseni zake tatu za enameli zilitundikwa ukutani, hazikuwahi kuoshewa chochote. Alinipa chai.

"Andika muzuri, mutoto wangu," alisema. "Hii nyumba fundi alijengaka na mikono yake."

Kwake ilikuwa sentimita sita. Nyumba ya fundi mwenyewe ilikuwa ya mwisho kabisa. Nikafanya jambo ambalo mpaka leo linaniuma. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu wa biro, "Mama, marehemu hakuchimba sana."

Alichukua kikombe changu, chai ikiwa haijaisha, akaingia ndani.

Ripoti yangu ilipanda kwa Shefu, akaisaini siku hiyo hiyo. Wiki iliyofuata kila mlango wa avenue ya nne ulipigwa msalaba mwekundu. Watu walipewa siku kumi. Lori lingewapeleka Ruashi, mbali na kazi zao, ambako bomba lilikuwa halijafika. Na Ruashi nyumba ilipewa mwanamume mwenye kazi. Mjane asiye na mtoto aliye kazini hakuwa na nyumba. Kwa Mama Salima walikuwa wameandika "arudi kwao", yaani Maniema, alikotoka akiwa msichana na ambako hakuwa na mtu anayemjua. Jina lake nililisoma kwenye orodha nikiwa mezani. Niliweka kalamu chini.

Nilimwendea jioni ile baada ya kazi. Nilikuta jambo baya zaidi. Majirani walikuwa hawamsalimu. Avenue nzima ilikuwa inasema Fundi Ramazani aliwaibia, alijenga nyumba za juu juu, na sasa wao wanalipa. Mzee mmoja wa ng'ambo ya barabara alimpigia kelele mbele yangu: "Wambia bwana yako atoke ku kaburi, akuye achimbe." Mama Salima alikuwa anafagia. Aliendelea kufagia.

"Bantu bote banasema Ramazani alikuwa mwizi," aliniambia bila kunitazama. "Na beye banasoma ku karatasi yako. Miye nilisimama mu ile shimo, Placide. Nilikuwa namupatia maji ya kunywa. Ilinifikaka huku." Akagusa goti lake. "Weye unasema vidole vitatu."

Nikakaa kwenye ngazi ya mlango wake, matofali mawili yamepangwa. Na hapo nikajiuliza: ngazi hii imetoka wapi? Nilipokuwa mtoto nyumba ile haikuwa na ngazi. Tuliingia moja kwa moja, kuku nao wakaingia. Mvua ikiwa kubwa tulibana gunia mlangoni, kwa sababu maji ya ua yalivuka kizingiti. Nikanyoosha mkono toka kizingiti mpaka chini. Kimo chake kilikuwa karibu na goti langu. Ndiyo, nimesema karibu. Sikuwa na futi mkononi.

"Mama," nikamuuliza, "hii ngazi uliiweka lini?"

"Moja wakati wa beseni ya kwanza," alisema. "Ingine kisha ya tatu. Magoti inaniuma kupanda."

Nilimtazama akifagia. Vumbi jekundu lilitangulia mbele ya ufagio, kidogo, kama unga. Kila siku, miaka kumi na mbili. Na ufagio ukilegeza udongo, mvua inabeba uliobaki. Nyumba haikuwa na msingi mfupi. Ardhi ndiyo iliyoondoka chini yake, na mawe ya msingi yalijificha nyuma ya koltari, yanaonekana kama ukuta. Nimepima toka kwenye udongo! Nilijipiga kofi kichwani, kama Bwana Kombo.

Lakini kujua si kuthibitisha. Siku ya pili nilifungua kabati nikatafuta daftari la kijani. Mwandiko wangu wa kijana ulikuwa pale: nyumba ya Fundi Ramazani, kizingiti juu ya ua, sentimita nne. Ilibidi nipime upya nyumba zote kutoka kwenye bolti, nionyeshe kwamba vizingiti havikushuka hata kidogo, nyua ndizo zilizoshuka. Kuomba nivo ni kumwambia Shefu sababu, na Shefu angefunga mlango kabla sijaleta namba. Kuchukua nivo bila ruhusa ilikuwa kosa la kufukuzwa. Zilikuwa zimebaki siku tano. Nikachukua.

Jumapili asubuhi, badala ya misa, nilisimamisha nivo kwenye avenue ya nne. Nikakosa mtu wa kushika mira. Vijana wote walinigeuzia mgongo, mimi ambaye ripoti yangu ilipiga misalaba kwenye milango yao. Mama Salima akaweka ufagio chini, akashika mira. Nilimfundisha kwa mkono: kushoto, kulia. Mwanamke wa miaka yake, lakini fimbo ilisimama wima kuliko nilivyowahi kuisimamisha mimi. Alipiga hodi kila mlango yeye mwenyewe, hata kwa yule mzee wa matusi. Walifungua, wakatutazama, wakatupisha. Tulipofika nyumba ya kumi na tano, ajenti wa usafi alipita na baiskeli yake. Alisimama, akaitazama nivo, akanitazama mimi, akaandika kitu kwenye kitabu chake, akaenda zake. Nilijua basi kwamba Jumatatu itakuwa mbaya. Tukamaliza nyumba saba zilizobaki.

Hesabu niliifanya mezani kwa Mama Salima, naye amesimama nyuma yangu. Vizingiti vyote vilikuwa palepale, sawasawa na daftari. Nyua zilikuwa zimeshuka, nyingine sentimita ishirini na sita, nyingine thelathini na moja. Ua wa Mama Salima, mshindi wa beseni tatu, ulishuka thelathini na nne. Thelathini na nne na zile sita za msingi ni arobaini. Nilipomwambia, aligeuka akazitazama zile beseni ukutani. Akazishusha moja moja, akazipanga chini ya kitanda.

Jumatatu Shefu alikuwa ananingoja. Alisema Kifaransa, nami nakiweka hapa Kiswahili.

"Nani alikupa ruhusa ya kuchukua nivo?"

"Hakuna, Bwana."

Niliweka daftari la kijani na karatasi zangu mbele yake, nikaeleza yote. Nilisema nilipima vibaya, na nikasema sababu ya udongo kuondoka ni amri ya kufagia. Alisoma huku nikieleza. Alikuwa mtu wa akili, sitamsingizia, alielewa kabla sijamaliza. Akainuka akafunga dirisha.

"Ripoti ile imesainiwa na nani?"

"Na wewe, Bwana. Lakini namba ni zangu."

Akazunguka meza. Akaniambia polepole kwamba trekta inakuja Jumatano, na kwamba nikiandika barua ya kupanda juu, mimi nitapoteza meza, nyumba yenye bomba, na karata yangu ya heshima. Kisha akalainisha sauti. Alisema anajua kwamba yule mjane alinilea. Nyumba moja anaweza kuitoa kwenye orodha leo hii, kwa sababu ya umri wake. Ile moja tu. Nami nirudishe nivo, tusahau Jumapili.

Nilitaka kukubali. Nilifungua mdomo nikubali. Kwa mawazo nilimwona mke wangu Véronique akichota maji kwenye bomba lake ndani ya nyumba, na Mama Salima mlangoni pake. Kila mtu wangu angepona. Halafu nikaiona avenue ya nne kama nitakavyoichora: nyumba ishirini na moja tupu, na moja tu yenye mistari, ya fundi mwenyewe.

"Bwana," nikasema, "ukiacha ile moja, watu watasema fundi alichimba kwake tu, wengine akawaibia. Heri mvunje zote."

Alisukuma karatasi tupu mbele yangu.

"Basi andika," alisema. "Kosa ni lako peke yako. Na sitaki kuona ufagio ndani ya barua."

Nikaandika palepale, nimesimama. Nilikiri nilipima toka kwenye udongo. Ufagio sikuutaja. Lakini chini ya barua nilichora jedwali la safu mbili, ua wakati wa vita na ua leo, nyumba zote ishirini na mbili, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote. Shefu alilitazama. Angeweza kulichana. Akakunja karatasi akaipeleka juu, na kwa hilo mpaka leo namshukuru.

Jumatatu haikuja jibu, Jumanne haikuja. Jumatano asubuhi trekta ilikuwa kichwani mwa avenue, injini inanguruma, na watu wametoa vitanda na masufuria nje. Ajenti wa usafi alikuwepo, Shefu alikuwepo, mimi nilisimama nyuma yao bila kofia. Ndipo ikaja gari ya Injinia Mkuu, mzee ambaye mimi nilikuwa nimemwona mara mbili tu maishani. Alikuwa na barua yangu mkononi. Hakusalimu mtu.

"Udongo huu," akauliza, akigonga lile jedwali kwa kidole, "ulikwenda wapi?"

Shefu alitazama viatu vyake. Ajenti alitazama mbali. Mimi, nakiri, nilibaki nyuma yao. Mama Salima alitoka mlangoni pake, akashuka ile ngazi, akapiga ufagio mara moja mbele ya viatu vya Injinia Mkuu. Vumbi jekundu likafunika ngozi nyeusi ya viatu. Nilidhani atampiga. Injinia Mkuu akatazama viatu, akatazama ua, akainama kwa shida, akatoa kisu cha mfukoni akaanza kukwangua koltari ya ukuta. Plasta ilianguka. Chini yake yakatokea mawe, na juu ya mawe, mstari ulionyooka pale matofali yanapoanza. Fundi Ramazani aliunyoosha kwa mwiko wake huo mstari, unaona kabisa.

"Pima," akaniambia.

Nikapiga magoti. Nikaweka futi kwenye mstari, nikaishusha mpaka ndani ya kile kishimo cha vibarua, mpaka chini ya jiwe la mwisho. Nilisoma kimoyomoyo. Mama Salima akanishika bega.

"Soma kwa nguvu," alisema. "Bote basikie."

"Arobaini," nikasema.

"Tena."

"Sentimita arobaini!"

Yule mzee wa ng'ambo alivua kofia yake. Hakuna aliyepiga makofi. Injinia Mkuu aliwakaripia Shefu na ajenti kando ya gari, kwa Kifaransa cha chini chini, kisha dereva wa trekta akapewa ishara, trekta ikageuka.

Avenue ya nne ilihifadhiwa. Udongo ulirudishwa kwa malori, na sijui kama kuna aliyecheka siku hiyo kuliko mimi, maana ulitoka kwenye mitaro ya misingi ya Ruashi, ya nyumba zile zile walizotaka kuwapeleka. Watu wakaruhusiwa kupanda majani, kama yalivyopandwa siku zote upande wa Wazungu, ambako hakuna ua uliowahi kushuka. Kwenye plani nilizijaza nyumba zote mistari ya mshazari. Ilikuwa kazi yangu ya mwisho mezani. Kwa kosa la kupima na kosa la kuchukua nivo, nilirudishwa kushika mira, baba wa watoto wawili, nikainuliwa mkono wa kushoto na kijana niliyemfundisha mwenyewe kusoma namba. Nyumba yenye bomba ilichukuliwa, karata pia. Véronique alinuna mwezi mzima, na alikuwa na haki. Mama Salima alitupa vyumba viwili vya nyuma. Siku ya kwanza tuliyolala pale, asubuhi nilisikia ufagio. Nikatoka mbio.

"Mama, jamani, acha!"

"Parseli ikuwe chafu?" alinijibu, akionyesha ua kwa ufagio. "Weye uko na kazi ya kurudisha udongo."

Shefu alipoondoka, baada ya miaka mitatu, nilirudishwa mezani, na nikakaa hapo mpaka nilipostaafu, chini ya wakubwa wengine wengi, Wazungu kisha wetu. Nimechora mitaa ambayo ninyi mnakaa. Ninyi mnapima kwa mashine ambayo haihitaji mtu wa kusimama juani, na ni vizuri. Ila naona mnapiga sementi nyua zote, hata kule Karavia, na maji ya mvua hayajui pa kwenda. Mkiniuliza habari ya kuhifadhi mtaa, sina elimu kubwa ya kuwapa. Mimi mtaa mmoja nilikuwa karibu niuvunje kwa futi ya mfukoni, na waliouokoa ni mwashi aliyekufa na mwanamke aliyeshika mira.

Mama Salima alifariki katika nyumba ile ile, na alituachia sisi. Beseni ziko bado chini ya kitanda. Kila mwaka mvua zikikatika, napiga magoti mbele ya mlango na futi yangu ya chuma, wajukuu wakinicheka, napima toka kwenye ule mstari wa mwiko udongo umeshuka kiasi gani, nakitoa kwenye arobaini za fundi. Udongo ukipungua naleta toroli. Usipopungua, nasoma kwa nguvu hivyo hivyo, mpaka majirani wasikie. Mwaka huu pia ni sentimita arobaini. Fundi Ramazani alichimba vizuri.